Hali Milikishi ya Umoja katika Kiingereza: Tahakiki ya Maelezo Yake kwa Ushahidi wa Migori na Homa Bay

Katika vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza vitumiwavyo katika shule za Afrika ya Mashariki, hali milikishi ya umoja hufundishwa kwa kanuni moja fupi. Kama mwenye kitu ni mmoja, jina lake huongezewa ritifaa na herufi s. Kama wenyewe ni wengi na jina lao limekwisha kuishia kwa s, ritifaa huwekwa nyuma ya s hiyo. Kanuni hii si ya uongo. Lakini kanuni yaweza kuwa ya kweli na bado isieleze jambo, na ndivyo ilivyo kanuni hii. Humwonyesha mwanafunzi mahali pa kuweka alama. Haimwambii ni uhusiano gani unaotajwa, wala umoja unaohesabiwa ni umoja wa nini, wala kwa nini alama ambayo katika lugha yake ni sehemu ya herufi iwe katika Kiingereza ni alama ya sarufi.

Makala haya yanakusudia kuyapima maelezo hayo kwa ushahidi wa lugha na majina ya Migori na Homa Bay, kaunti mbili ambazo zamani zilikuwa katika wilaya moja ya South Nyanza. Mahali hapa panafaa kwa kazi hiyo. Dholuo, yaani Kijaluo, ni lugha ya jamii ya Kinailoti. Kikuria cha upande wa Kehancha na Kisuba cha visiwa vya Rusinga na Mfangano ni lugha za Kibantu, ijapokuwa Kisuba kimemezwa kwa kiasi kikubwa na Dholuo. Juu ya hizo kuna Kiswahili na Kiingereza. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, msimamo rasmi nchini Kenya umekuwa kwamba mtoto aanze masomo kwa lugha ya eneo lake, kisha ahamie Kiingereza. Basi mtoto huyo huingia katika sarufi ya Kiingereza akiwa tayari na sarufi nyingine kichwani, na pengine mbili. Mwalimu wake hasahihishi karatasi tupu.

Jambo hili lina uzito wake. Mwanafunzi aandikapo insha akakosea his na her, au akaandika our father akimkusudia baba yake mwenyewe, au akahamisha ritifaa, aghalabu huambiwa kwamba ni mzembe. Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya makosa hayo si uzembe hata kidogo. Ni majibu sahihi kwa swali ambalo Kiingereza hakikuliuliza.

Tuanze na jina lenyewe. Kuiita hali hii "milikishi" ni kumpotosha mwanafunzi kabla hajafika kwenye mfano wa kwanza. Wanasarufi wa Kiingereza wanalijua hilo. Jespersen alilijadili mwaka 1924, na Quirk na wenziwe, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1972, waliorodhesha maana kadhaa za hali hii ambazo umilikaji ni moja tu miongoni mwake. Kwa upande wa Kiswahili, Bi. Ashton alifanya vyema zaidi: katika sarufi yake ya mwaka 1944 aliiita -a yetu kuwa ni ya uhusiano, wala si ya umilikaji. Ni ajabu kwamba vitabu vya shule vimeyafuata majina mabaya na kuyaacha mazuri.

Tumchukue Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 na kuzikwa Rusinga. Mwandishi wa Kiingereza aweza kuandika Mboya's house, Mboya's speech, Mboya's murder, Mboya's grave na Mboya's island. Nyumba aliimiliki. Hotuba aliitoa. Mauaji hakuyatenda, alitendewa. Kaburi amelazwa ndani yake. Kisiwa ni asili ya wazee wake, kwani yeye mwenyewe alizaliwa Kilima Mbogo. Mambo matano, na alama moja. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba alama hiyo huonyesha "mwenye mali" atasoma Mboya's murder na kudhani kwamba Mboya ndiye muuaji, na hatuwezi kumlaumu. Kiswahili nacho hakikosi utata hapo: "mauaji ya Mboya" yaweza kuelekea kote kuwili. Lakini sisi tuna mlango wa kutokea, nao ni kitenzi-jina: "kuuawa kwa Mboya" hakumwachi msomaji gizani. Kumfundisha mwanafunzi aone kwamba Mboya's murder ni "kuuawa kwa Mboya" na Mboya's speech ni "hotuba aliyoitoa Mboya" ni kumfundisha maana. Kumfundisha aongeze s ni kumfundisha kazi ya mchapishaji.

Ushahidi ulio mzito zaidi unatoka katika Dholuo. Lugha hii hutenganisha uhusiano wa aina mbili ambao Kiingereza, na Kiswahili pia, huutia katika chungu kimoja. Mfano unaofahamika ni wa mfupa. Mfupa ni chogo. Mfupa alioupata mbwa akawa anautafuna ni chogo mar guok: kitu kimoja, mwenyewe mwingine, na mar katikati yao. Lakini mfupa ulio sehemu ya mwili wa ng'ombe ni chok dhiang'. Hapo hakuna mar, majina mawili yamesogezwa yakakaribiana, na sauti ya mwisho ya jina la kwanza imebadilika. Kiingereza husema the dog's bone na hakikuambii kama ni mfupa alioiba jikoni au ni wa mguu wake mwenyewe. "Mfupa wa mbwa" wetu nao haukuambii. Mjaluo husikia tofauti hiyo bila kufundishwa.

Wataalamu wameieleza vizuri. Duncan Okoth Okombo aliyachambua mabadiliko haya ya sauti katika kitabu chake cha mwaka 1982, na sarufi ya Tucker, iliyohaririwa na Creider na kutolewa mwaka 1994 baada ya Tucker kufariki, imeyapa nafasi kubwa. Ila elimu hiyo imebaki katika rafu za vyuo vikuu. Haijafika kwenye ubao wa darasa la Ndhiwa au la Uriri, mahali ambapo ingeleta faida.

Asiye na vitabu hivyo na aitazame ramani. Kilima katika Dholuo ni got. Jina hilo likifuatwa na lile linaloambatana nalo kwa uhusiano huu wa karibu, t yake huwa d: god. Nyumba ni ot; nyumba ya Otieno ni od Otieno; nyumba yangu, yako, yake ni oda, odi, ode. Sasa katika Migori kuna wadi iitwayo God Jope, upande wa Suna, na nyingine iitwayo Got Kachola, upande wa Nyatike. Mjini Homa Bay kuna Got Asego. Karani aliyeandika God Jope alifuata sikio. Aliyeandika Got Kachola na Got Asego alifuata jina kama lilivyo likiwa peke yake. Wote wameandika hali milikishi, mmoja ameionyesha na mwingine ameificha. (Mgeni ajuaye Kiingereza tu husoma God Jope akadhani kwamba pana habari za Mungu, lakini hilo ni lake.) Kwa maneno mengine, mtoto wa Suna hupita kila siku mbele ya kibao chenye hali milikishi ya umoja iliyo na kanuni zake kamili, kisha huingia darasani kuambiwa kwamba hali milikishi ni kitu kigeni kinachoundwa kwa ritifaa.

Tufike sasa kwenye kiini cha mambo, nacho ni neno "umoja". Kiingereza kikisema umoja katika hali milikishi, humaanisha umoja wa mwenyewe. The boy's books: mvulana ni mmoja, vitabu ni vingi, na ritifaa hutangulia s kwa kuwa mvulana ni mmoja. The boys' book: wavulana ni wengi, kitabu ni kimoja. Kitu kinachomilikiwa hakina sauti katika jambo hilo. Kadhalika my haibadiliki: my cow, my cows.

Katika Kiswahili mambo ni kinyume. Kivumishi cha kumiliki kina ncha mbili. Shina -angu hueleza nafsi na idadi ya mwenyewe; kiambishi awali hueleza ngeli na idadi ya kitu: kitabu changu, vitabu vyangu. Msikilizaji huisikia idadi ya kitu kwanza. Kikuria na Kisuba, zikiwa lugha za ngeli, hufuata njia hiyo hiyo. Dholuo haina ngeli, lakini nayo huihesabu idadi ya kitu: ng'ombe mmoja niliye naye ni dhiang' mara, ng'ombe wengi ni dhok maga. Mar ni ya kitu kimoja, mag ni ya vitu vingi. Basi lugha za eneo hili, ziwe za Kibantu au za Kinailoti, zinakubaliana kwamba alama ya uhusiano hupatana na kile kinachomilikiwa. Kiingereza peke yake kinakataa.

Kutokana na hayo lazuka kosa ambalo kila mwalimu wa Kiingereza wa eneo hili atalitambua. Mwanafunzi anataka kusema vitabu vya mvulana mmoja, naye huandika the boys' books. Ameona vitabu ni vingi, ameitafuta alama ya wingi katika uhusiano, akaipata kwa kusogeza ritifaa. Kwa sarufi yake hajakosea: ametafsiri vya na mag. Mwalimu akimwandikia "soma tena kanuni ya ritifaa," hajamsaidia, kwa sababu kanuni ile haikutaja ncha ambako idadi inahesabiwa. Neno moja lingetosha: katika Kiingereza mhesabu mwenyewe, usihesabu kitu. Sijui kwa nini neno hilo halimo katika ukurasa wa kwanza wa somo hili.

Hapa yafaa kujibu pingamizi moja. Yawezekana kusemwa kwamba Waingereza wenyewe hukosea ritifaa kila siku; hata wana jina la utani la ritifaa inayowekwa ovyo, ambalo huwataja wauza mboga na vibao vyao vya bei. Kama wenye lugha hukosea, kwa nini tumsingizie Dholuo? Jibu ni kwamba makosa hayo si ya jinsi moja. Mtoto wa Kiingereza anajua kwa ulimi wake tofauti ya mwenyewe na kitu. Hajui tu jinsi ya kuiandika, kwa sababu boys, boy's na boys' hutamkwa kwa sauti moja. Kosa lake ni la jicho. Mtoto wa Migori aghalabu hukosea kabla ya kufika kwenye jicho: hajaambiwa kinachohesabiwa ni nini. Makosa mawili yaweza kufanana katika karatasi na yakatoka katika vyanzo viwili mbalimbali, na dawa ya moja haitibu jingine.

Kuna umoja mwingine ulio mgumu zaidi, nao ni umoja wa mwenyewe hasa. Kiingereza hudhani kwamba mtu mmoja akisema, humiliki akiwa mmoja: my mother, my home. Dholuo humwita mama wa msemaji minwa, na -wa hiyo ndiyo ile ile itumikayo mahali pengine kwa maana ya "-etu". Katika sala, Baba Yetu ni Wuonwa. Msemaji mmoja husema pia thurwa kwa nchi ya kwao na dalawa kwa boma la kwao. Nasi katika Kiswahili tunayo "kwetu". Mtu aliye peke yake stendi ya Rongo, akiulizwa aendako, atasema "naenda kwetu". Hatasema "naenda kwangu" ila awe amejenga, na hata akijenga maana yake itakuwa ni nyingine. Boma halimilikiwi na mtoto mmoja. Baba ana wanawe, na atajwapo na mmoja wao hutajwa kwa niaba ya wote.

Basi mwanafunzi aandikapo our father bought a boat, mwalimu huuliza kwa wino mwekundu: wewe na nani? Swali hilo ni la sarufi ya Kiingereza, lakini kwa mwanafunzi laweza kuonekana ni la adabu. Sisemi kwamba kosa hilo liachwe. Insha ya Kiingereza na iandikwe kwa Kiingereza. Nasema kwamba mwalimu aeleze wazi kuwa Kiingereza kinataka msemaji ajitenge na nduguze pindi amtajapo baba yake, na kwamba hiyo ni desturi ya lugha hiyo. Mwanafunzi akilielewa jambo kwa njia hiyo hatalirudia kosa, wala hatadhani kwamba wazazi wake wamemfundisha lugha mbovu.

Kuhusu his na her nitapita haraka, kwa kuwa jambo lenyewe ni wazi. Katika nafsi ya tatu ya umoja, Kiingereza humtaka msemaji aseme kama mwenyewe ni mume au mke. Kiswahili kina -ake tu, na Dholuo ina -e tu, kama katika ode: nyumba ya yeyote awaye. Mwanafunzi aandikaye kwamba Achieng' sold his cow hajasahau kwamba Achieng' ni mwanamke. Hakuwahi kuhitaji kulisema hilo katika kimilikishi, kwani jina lenyewe kwa A yake ya mwanzo limekwisha kulisema.

Jambo hili la jinsia lina kisa chake katika historia ya ritifaa yenyewe. Alama hiyo haikuwako katika Kiingereza cha kale. Hali milikishi ya majina mengi ya umoja ilikuwa ni kiambishi tamati -es, na irabu ilipodondoka ndipo, katika karne ya 16 na ya 17, ritifaa ikaanza kuwekwa mahali pake. Hata hivyo wengi wakati huo waliamini kwamba s ile ni kifupisho cha his, na wakaandika kwa mtindo wa "mfalme ngome yake". Addison aliliamini hilo. Johnson, katika sarufi aliyoitanguliza kwenye kamusi yake ya mwaka 1755, alilikataa kwa hoja nyepesi: husemwa pia uzuri wa mwanamke kwa s ile ile, na mwanamke hawezi kuwa his. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja mtindo ambao Addison aliuwazia, kwa kuwa sisi tunao hadi leo: "Otieno mkewe amefika", "Juma nduguye ni mgonjwa". Kwetu mtindo huo haukuanguka, kwa sababu -e ile haimtambui mume wala mke. Hoja ya Johnson isingekuwa na nguvu Kendu Bay.

Kabla ya kuiendea ritifaa yenyewe, yapasa kutaja kimilikishi ambacho ni chepesi zaidi ya vyote katika Kiingereza, na ambacho vitabu hukisahau: kile kisichofuatwa na kitu. At the doctor's, at Otieno's. Mwanafunzi huuliza: ya Otieno nini? Mwalimu hujibu kwamba neno "nyumba" limeachwa. Jibu hilo ni zito bila sababu. Kiswahili kina "kwa": kwa daktari, kwa Otieno, na majina ya mahali, kama Mukuru kwa Njenga huko Nairobi. Dholuo ina ka, na ka hiyo imeijaza ramani ya Homa Bay na Migori. Rachuonyo ni jina la babu. Karachuonyo ni kwake, kwa watu wake. Serikali imeyatumia yote mawili kwa utawala, Rachuonyo kwa wilaya na Karachuonyo kwa jimbo la uchaguzi, na tofauti baina yao ni hali milikishi ya umoja. Jina likianza kwa irabu, a ya ka humezwa: Ogelo akazaa Kogelo, huko Siaya. Mtoto wa Karachuonyo anayeshindwa kuelewa at Otieno's ameshindwa kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ni ka Otieno.

Sasa ritifaa. Katika Kiswahili na katika Dholuo, ritifaa ni sehemu ya herufi ng'. Si pambo. Ng'oa ni tendo la kutoa kitu mizizi. Ngoa ni wivu au tamaa. Aliyeiondoa alama ameandika neno jingine. Katika Kiingereza ritifaa milikishi haina sauti yoyote. Iondoe, na masikio hayatajua. Alama moja, basi, kwa lugha za huku ni ya sikio na kwa Kiingereza ni ya jicho. Vitabu vya shule havina hata sentensi moja juu ya mgongano huu, ijapokuwa mamia ya majina ya eneo hili yana ng' ndani yake.

Mgongano huo huwa mkali pale jina linapoishia kwa ng'. Chieng' ni jua. Mtoto aliyezaliwa jua likiwaka huitwa Ochieng' au Achieng'. Kitabu cha Ochieng' kiandikweje kwa Kiingereza? Kanuni ya shule yatoa jibu moja tu, nalo ni Ochieng''s, lenye ritifaa mbili zilizofuatana. Jicho la mhariri hukataa, na moja hufutwa. Hubaki Ochieng's, na hapo hakuna ajuaye kama iliyobaki ni ya jina au ya sarufi.

Wako watu wawili mashuhuri ambao majina yao yanatuonyesha tatizo hili. Mwanahistoria William R. Ochieng' alilichapisha jina lake kwa ritifaa. Mwandishi wa magazeti Philip Ochieng, mzaliwa wa Awendo katika Migori, aliyefariki mwaka 2021, alilichapisha bila ritifaa. Na huyo ndiye aliyeutumia muda mrefu wa maisha yake kukosoa Kiingereza cha waandishi wenziwe katika magazeti ya Nation. Kwa msomaji wa Kiingereza uamuzi wake hauna madhara, kwa kuwa ng ya mwisho wa neno katika lugha hiyo hutamkwa kama ng' yetu. Lakini tazama matokeo: ukiandika Philip Ochieng's, ritifaa aliyoiacha imerudi kwa mlango wa nyuma. Ukiandika William Ochieng's, ritifaa aliyoitunza imeporwa na s. Maandishi yanafanana herufi kwa herufi, na majina si sawa.

Baadhi ya wenzetu hushauri kwamba ritifaa ya jina iachwe katika maandishi ya Kiingereza ili kuepuka msongamano. Sikubaliani nao. Ritifaa ya ng' ni herufi, na ritifaa milikishi ni alama tu. Herufi ya jina la mtu haifutwi ili alama ipate nafasi. Ulimwengu umekwisha kuzoea Nyong'o's tangu Lupita Nyong'o alipopata tuzo ya Oscar mwaka 2014, na ritifaa hizo mbili zimekaa katika neno moja, kila moja kwa kazi yake, bila kumsumbua yeyote. Kama mbili zaweza kutenganishwa na irabu, zaweza pia kufuatana. Zaidi ya hayo, Waingereza na Wamarekani wenyewe si walinzi wakali wa alama yao. Bodi ya Marekani ya majina ya mahali imekuwa ikiiondoa ritifaa milikishi katika ramani tangu kuundwa kwake mwaka 1890, na duka kubwa la vitabu la Uingereza, Waterstones, liliiacha mwaka 2012. Ikiwa lazima mmoja apishe, na apishe yule ambaye kwao hana makao ya kudumu.

Majina yaishiayo kwa s, kama James na Moses, yamewatia walimu hofu kubwa kuliko yanavyostahili. Sikio liamue: wengi husema James na kuongeza silabi, basi iandikwe James's. Jesus' na majina machache ya kale yameachwa kwa mazoea ya kanisa na shule. Hayo yatosha, na ni ajabu kuona kurasa nzima zikitumika kwa James na hata mstari mmoja usitumike kwa Ochieng' katika vitabu ambavyo wasomaji wake akina Ochieng' ni wengi.

Lau historia ya maandishi ingekwenda njia nyingine, tusingekuwa na shauri hili. Wataalamu wa lugha za Kiafrika waliokutana London mwishoni mwa miaka ya 1920 walipendekeza herufi ŋ. Luganda iliipokea, nayo imo katika tahajia yake sanifu ya mwaka 1947. Kiswahili na Dholuo zilibaki na ng', na mashine za kuandikia za wakati huo hazikuwa na kitufe cha ŋ hata kama tungeitaka. Tungeandika Ochieŋ na Ochieŋ's, na kila alama ingejua kwake. Kompyuta za leo zaweza kuiandika ŋ bila taabu, na hata zina ritifaa ya herufi iliyo mbali na ritifaa ya uakifishaji, ijapokuwa kwa jicho hufanana. Sidhani kwamba tahajia ya Dholuo itabadilishwa kwa sababu ya s ya Kiingereza, wala sioni haja. Kwa sasa mhariri na aandike Ochieng''s kwa aliyelitunza jina lake, na Ochieng's kwa aliyeliacha. Macho yake yakikataa, Kiingereza kina of, iliyo jirani wa karibu wa -a yetu na ya mar: the books of Ochieng'.

Jina la wadi moja ya Nyatike ni Kachieng'. Halihitaji s yoyote. Utalikuta pia limeandikwa Kachien'g, ritifaa ikiwa imekaa baina ya n na g, mahali ambapo haina kazi katika Dholuo, wala katika Kiswahili, wala katika Kiingereza.